Kazi za Mikono ya Walio Hai: Je, ni Mali au ni Amana?

Liko swali ambalo twalipita kila siku pasipo kuliinamia, kama mtu apitavyo jiwe la njiani alilolizoea tangu utoto. Swali lenyewe ni hili: Je, yampasa mtu wa kawaida, mwenye kipato kidogo na jamaa wengi, kutoa fedha yake anunue picha iliyochorwa au kinyago kilichochongwa na mtu aliye hai, akakiweke nyumbani mwake? Tena, akiisha kukilipia, je, kitu hicho ni chake kabisa, akitende apendavyo? Wengi watasema kwamba swali hili ni la matajiri wa miji mikubwa na la wageni wapitao njia. Mimi nadhani sivyo. Nadhani ni swali la haki, na kwa hiyo latuhusu hata sisi tukaao Musoma, Bunda na Butiama, mbali na majumba ya maonyesho.

Kwanza hatuna budi kutenga mambo mawili yanayochanganywa mara nyingi. Iko kazi ya kukusanya vitu vya kale, kama viti vya watemi, ngao, ngoma na vyombo vya wazee. Kazi hiyo ni njema, nayo imefanywa si mbali na kwetu. Pale Bujora, karibu na Mwanza, Padre David Clement na wenzake Wasukuma walianza katika miaka ya 1950 kuweka pamoja vitu vya mababu, hata pakawa na makumbusho yajulikanayo mpaka ng'ambo. Pale Butiama yapo Makumbusho ya Mwalimu Julius K. Nyerere, yaliyofunguliwa mwaka 1999, na ndani yake mna vitu vya maisha yake na zawadi alizopewa na watu wa nchi hii na wa nchi nyingine.

Lakini iko na kazi ya pili, nayo ndiyo shabaha ya maneno yangu: kuzifuatia na kuzitunza kazi za watu tunaokutana nao sokoni, tunaosalimiana nao, ambao kesho watachora kingine. Kazi hizi mbili hazilingani. Kitu cha kale kimekwisha kupata shahidi wake, yaani miaka. Hakuna awezaye kukudharau kwa kukiheshimu kiti cha mtemi. Kazi ya mtu aliye hai haina shahidi ila macho yako na moyo wako. Tena aliyefanya kitu cha kale amekwisha kulala. Sifa zako hazimshibishi, wala dharau yako haimwumizi. Bali mchoraji aliye hai aweza kula au kulala njaa, aweza kuendelea au kuitupa brashi, kwa sababu ya mtu mmoja aliyesimama akatazama, au aliyepita asitazame.

Huenda msomaji akauliza, "Hao wasanii wako wapi kwetu?" Na ateremke mpaka pwani ya ziwa hapo Musoma, azitazame mitumbwi ya wavuvi: majina yaliyopakwa kwa rangi mbavuni, na maneno ya sala, na ndege na samaki. Na apite katika mitaa ya Bunda atazame mabango ya vinyozi na ya mafundi cherehani, ambayo yamechorwa kwa mkono na mtu aliyejua namna ya kuufanya uso ucheke kwa mistari michache. Na awatazame wachongaji wa vigoda na wasusi wa vikapu. Kazi hizi huliwa na jua na maji. Mtumbwi ukioza, mbao zake huwa kuni. Duka likibadili mwenyewe, bango hupakwa chokaa. Je, ni nani kati yetu aliyepata kuomba ubao mmoja tu asiwashie moto? Na ni nani ajuaye jina la yule aliyeuchora?

Haya si mambo madogo, kwa maana historia ya nchi yetu imetuonyesha mwisho wake. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 upande wa Tunduru. Alifanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga, kisha akaenda Dar es Salaam akawa mtumishi wa nyumbani. Yapata mwaka 1968 alianza kuchora wanyama na ndege kwa rangi za baiskeli juu ya vibao vya hadibodi, na picha zake zikauzwa kwa shilingi chache nje ya duka la Morogoro Stores, Oyster Bay. Walionunua walikuwa zaidi wageni waliokaa upande ule. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliomdhania kuwa mhalifu, akafa. Alichora kwa miaka minne hivi tu. Leo jina lake limekuwa jina la namna nzima ya kuchora, na vibao alivyovipaka mwenyewe huuzwa minadani huko Ulaya kwa maelfu ya dola. Vingi vyavyo haviko kwetu. Sisi tuliokuwa jirani zake tulikuwa na nafasi miaka minne, nasi tukapita.

Mwingine ni George Lilanga, mzaliwa wa upande wa Masasi, mwaka 1934. Huyu alipata kazi ya ulinzi katika Nyumba ya Sanaa ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1972 na Sista Jean Pruitt wa shirika la Maryknoll, ambalo mapadre wake walifika Musoma tangu mwaka 1946. Mlinzi yule alikuwa mchongaji. Alipopewa nafasi na rangi, akawa mchoraji wa kusifiwa duniani. Alifariki mwaka 2005. Kazi zake nyingi zimo katika hazina ya tajiri mmoja wa Ulaya, Jean Pigozzi, aliyeanza kukusanya kazi za Waafrika walio hai mwaka 1989, baada ya kuona maonyesho mjini Paris. Kadhalika Sam Ntiro wa Machame, aliyejifunza Makerere kwa Bibi Margaret Trowell: picha yake ya mwaka 1956, ya wanaume wapelekao pombe ya ndizi kwa bibi arusi usiku, ilinunuliwa na jumba kubwa la sanaa za kisasa la New York mwaka 1960, kabla nchi yetu haijapata uhuru. Mtoto wa Machame atakaye kuiona arusi ya babu zake kama alivyoiona Ntiro hana budi kutafuta pasi ya kusafiria.

Sisemi haya kuwalaumu wageni. Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone," na hapa mgeni aliona alichokikosa mwenyeji. Kama asingalinunua, pengine kazi zile zingaliangamia. Aliyelipa hakuiba. Lakini aibu ya mwenyeji haiondoki kwa sababu mgeni alifanya vema. Hata katika kazi ya kalamu twaona jambo hili hili. Ng'ambo ya kivuko cha Kisorya, wilayani Bunda, kipo kisiwa cha Ukerewe, na huko Aniceti Kitereza alimaliza mwaka 1945 kitabu chake kikubwa cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, katika lugha ya Kikerewe. Kilipigwa chapa kwa Kiswahili mwaka 1980, yaani baada ya miaka 35, na mwaka uliofuata mzee alifariki. Kumheshimu mtu akiwa kaburini ni rahisi, maana maiti haombi chochote.

Sasa na tuzisikilize hoja za wapinzani, kwa kuwa si hoja za kipumbavu.

Hoja ya kwanza ni ya umaskini. Asema mpinzani: "Karo hazijalipwa, bati la jikoni lavuja, jirani hana dawa, je, si dhambi kununua picha?" Hoja hii ni ya kale sana. Wakristo wanaikumbuka habari ya Bethania, yule mwanamke aliyemwaga marhamu ya thamani juu ya miguu ya Bwana, na yule aliyenung'unika kwamba yangaliuzwa kwa dinari 300 wakapewa maskini. Bwana hakusema kwamba maskini wasisaidiwe. Alisema kwamba liko tendo zuri ambalo lina wakati wake, na wakati huo ukipita haurudi. Wale maskini tunao siku zote, na kila tutakapo twaweza kuwatendea mema. Ndivyo ilivyo kwa msanii aliye hai: wakati wake wapita.

Lakini sitaki kujificha nyuma ya Maandiko, kana kwamba yaruhusu kila anasa. Mtu anunuaye picha kwa fedha ya dawa ya mtoto wake ametenda vibaya, na uzuri wa picha haumtetei. Picha haiponyi homa. Nasema tu kwamba hoja ya umaskini, kama tunavyoitumia, haisemi kweli yote. Tazameni michango yetu ya arusi: maua ya plastiki ya ukumbini, vitambaa vya kufunika viti, keki ya ghorofa tatu. Hayo yote ni fedha iliyotolewa kwa ajili ya uzuri, na uzuri wenyewe hukaa usiku mmoja. Tazameni kuta za sebule zetu: kalenda za makampuni, na picha za maporomoko ya maji ya nchi ambazo hatutafika, zilizochapwa na mashine kwa maelfu. Basi, umaskini haukutuzuia kununua uzuri. Umetuzuia kununua uzuri uliotoka katika mkono wa jirani. Tena huyo jirani ndiye mara nyingi maskini mwenyewe tunayedai kumhurumia. Ukimpa sadaka, umemlisha leo, na huenda umemwinamisha uso. Ukinunua kazi yake kwa bei ya haki, umemlisha akiwa amesimama wima.

Hoja ya pili ni ya dini. Wako Wakristo, na wako Waislamu pia, waogopao vinyago, hasa vile vya Wamakonde viitwavyo mashetani, ambavyo vilianza kuchongwa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1950, na ambavyo Samaki Likankoa husifiwa kuwa mwanzilishi wake. Woga huu haufai kuchekwa, maana dhamiri ya mtu ni kitu kitakatifu. Asiyeweza kulala nyumba moja na kinyago, asikinunue. Walakini kukitazama kitu si kukiabudu. Mchongaji aonyeshaye tamaa yenye matumbo mawili au uvivu wenye jicho moja amefanya kazi iliyo karibu na ya mhubiri. Tena sanaa ya walio hai si ya mashetani tu. Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, alichora kutani mwa kanisa la Murang'a, huko Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1950, maisha ya Yesu kati ya watu Waafrika na vilima vya Kikuyu. Makanisa yetu mangapi yamenunua sanamu za plasta kutoka ng'ambo, na yalikuwa na fundi wa kuchonga nje ya mlango?

Hoja ya tatu ndiyo inayonishughulisha zaidi. Wako watu wanaosema: "Vema, nitanunua, maana nimesikia habari za Tingatinga. Nitanunua rahisi leo, na mchoraji akifa nitauza ghali." Mtu huyu ameyasikia maneno yangu, lakini ameyashika kwa mkono usiofaa. Yeye amegeuza kifo cha mwenzake kuwa siku ya mavuno. Kumjibu mtu huyu kwatudai tujue picha ni kitu cha namna gani, na kuwa mwenye picha ni kuwa nini.

Na tulipime jambo hili kwa kulijaribu. Tuseme umenunua kiti kwa fundi, nawe wataka kukichoma moto kwa sababu umekichoka. Watu watakuita mharibifu, basi. Lakini tuseme umenunua picha njema, ambayo mchoraji aliifanya kwa mwezi mzima, na ambayo haina ya pili, nawe waitia motoni mbele yake. Sheria haitakukamata, kwa maana ni mali yako na hati unayo. Hata hivyo kila aliyesimama hapo atahisi kwamba umemkosea mchoraji, na umewakosea hata wao ambao hawakutoa senti moja. Hisia hiyo yatoka wapi, kama picha ilikuwa yako peke yako? Yatoka katika kujua, bila kufundishwa, kwamba ulinunua ubao, na rangi, na siku za kazi ya mtu. Hukulinunua jina lake, wala macho yake, wala kumbukumbu ya watu ambao aliwachora. Mchoraji mwenyewe hakuyatoa yote mfukoni mwake. Maumbo aliyapokea kwa wazee, wanyama aliwapokea kwa mbuga, na nyimbo alizozisikia akichora zilikuwa za wote. Basi, ndani ya kila kazi njema kuna fungu ambalo haliuziki.

Kwetu, watu wa mifugo, jambo hili halipaswi kuwa fumbo. Mtu mwenye ng'ombe wengi humwekea rafiki yake ng'ombe amtunze. Rafiki yule hunywa maziwa, na samadi hutumia shambani mwake. Hakuna amwonaye kuwa mwizi. Lakini hawezi kumchinja pasipo shauri, na ng'ombe akizaa, ndama ana mwenyewe. Nadhani picha ni ng'ombe wa namna hii. Furaha ya kuitazama kila asubuhi ndiyo maziwa, nayo ni haki ya mtunzaji aliyelipa. Faida iletwayo na miaka ndiyo ndama, na mchoraji au watoto wake wana fungu katika ndama huyo. Kuiharibu au kuificha milele ni kuchinja pasipo shauri. Kwa neno moja, picha hununuliwa kama mali, lakini hutunzwa kama amana.

Wala jambo hili si ndoto ya mwalimu. Katika nchi ya Ufaransa aliishi mchoraji Jean-François Millet, mtoto wa wakulima, aliyefariki mwaka 1875. Alichora mume na mke waliosimama katika shamba la viazi jioni, wameinamisha vichwa kwa sala ya Malaika wa Bwana. Aliiuza picha ile kwa bei ndogo, naye alijua shida maisha yake yote. Mwaka 1889 iliuzwa mnadani kwa zaidi ya faranga 500,000, na hakuna hata faranga moja iliyodaiwa kisheria kwa ajili ya jamaa yake. Watu walipoyaona mambo ya namna hii mara kwa mara, dhamiri iliwachoma, na mwaka 1920 Wafaransa wakaweka sheria kwamba kazi ya msanii ikiuzwa tena mnadani, yeye au warithi wake wapewe fungu la bei. Mwaka 2001 Umoja wa Ulaya uliagiza kwamba nchi zake zote ziwe na sheria ya namna hiyo. Wazungu wale walimgundua ndama ambaye wafugaji wa Mara wamemjua siku zote.

Sasa, ikiwa ni amana, je, si afadhali serikali iishike, mtu binafsi asijisumbue? Ni kweli kwamba serikali ina wajibu wake. Mwezi wa Desemba 1962, Tanganyika ilipokuwa Jamhuri, Mwalimu Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, kwa kuwa aliona kwamba taifa lisilo na utamaduni wake ni mkusanyiko wa watu tu. Lakini sikilizeni habari ya Joseph Murumbi. Huyu alizaliwa mwaka 1911, baba yake Mgoa na mama yake Mmasai, naye akawa Makamu wa pili wa Rais wa Kenya mwaka 1966, kisha akajiuzulu mwaka huo huo. Maisha yake yote alikusanya vitabu, nguo, vinyago, na kazi za wasanii waliokuwa hai. Na mwaka 1972, pamoja na Alan Donovan na mkewe Sheila, alianzisha nyumba ya African Heritage mjini Nairobi, ambapo wasanii wa Afrika waliuza na kuonyesha kazi zao. Katikati ya miaka ya 1970 aliiuzia serikali nyumba yake ya Muthaiga pamoja na vitu vingi, kwa tumaini kwamba patakuwa mahali pa kujifunzia mambo ya Afrika. Tumaini lile halikutimia, nyumba ilibomolewa. Yeye alikwenda kukaa Intona, huko Transmara, upande wa juu wa nchi ya mto wetu wa Mara, na akafariki mwaka 1990. Lakini vitu vyake havikupotea. Vitabu na kazi nyingi zimo katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa ya Kenya, na nyingine katika Nairobi Gallery, na watoto wa shule huingia kuzitazama.

Habari hii ina mafundisho mawili. La kwanza ni kwamba mtu mmoja aliyependa kwa moyo aliokoa ambacho ofisi nyingi zisingalikiona. La pili ni kwamba amana ikiachwa mikononi mwa mmoja tu, awe mtu au serikali, yaweza kuanguka. Moto nao hauchagui: Paa ya Paa, nyumba ya sanaa ambayo Elimo Njau na wenzake waliianzisha Nairobi mwaka 1965, iliungua mwaka 1997, na kazi nyingi zikateketea. Mkulima mwenye akili haweki mbegu zote katika ghala moja. Kwa sababu hiyo nasema kwamba watunzaji wadogo wengi, kila mmoja na kibao chake kimoja au viwili, ni ulinzi mkubwa kuliko tajiri mmoja.

Basi, mtunzaji ana wajibu gani? Naona mambo matano.

Kwanza, kufuatia. Kabla ya kununua, mfuatie msanii. Tazama alichofanya mwaka jana na anachofanya sasa. Mwulize kwa nini aliiacha rangi hii akashika ile. Mtu akifuatia kazi za mwenzake kwa miaka mitano, amejifunza kuona, na jambo hili halidai senti moja. Nathubutu kusema kwamba asiye na fedha aliyefuatia ni mtunzaji bora kuliko tajiri aliyenunua kwa siku moja ukuta mzima.

Pili, kulipa kwa haki. Tusimpunguzie msanii bei kama tufanyavyo kwa samaki wa jioni ambao usiku utawaharibu. Mwulize alifanya kazi siku ngapi, na rangi alinunua kwa bei gani, kisha fikiri wewe ungetaka ulipweje kwa siku hizo. Kama bei ni kubwa kuliko uwezo, tuna mfano mwema katika vyama vyetu vya kufa na kuzikana. Watu kumi wawezao kuchangia sanda ya marehemu hawashindwi kuchangia kibao cha aliye hai, kikae kwa kila mmoja kwa zamu.

Tatu, kuandika. Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Andika jina kamili la msanii, kijiji chake, mwaka, bei, na maneno aliyoyasema juu ya kazi yake; bandika karatasi nyuma ya picha. Vinyago maelfu vya wachongaji wa Kimakonde vimo katika nyumba za ng'ambo vikiwa na neno moja tu, "Makonde." Mchongaji alikuwa na jina, na mama yake alimwita kwalo, mnunuzi hakuuliza. Kumwondolea mtu jina lake katika kazi yake ni wizi usio na polisi.

Nne, kuonyesha. Amana iliyofungiwa chumbani haimnufaishi mtu. Waite jirani, waache watoto waulize, siku ya mkutano wa wazazi peleka kibao shuleni kikatazamwe. Zawadi zilizo katika makumbusho ya Butiama alipewa mtu mmoja mkononi, nazo sasa ni za kila mtoto aingiaye pale. Kutazamwa hakupunguzi kitu.

Tano, kuacha. Mtu ajue, angali hai, ni nani atakayeshika baada yake, naye aseme mbele ya mashahidi. Warithi wasioambiwa thamani ya kitu si wenye hatia wakikifanya kuwa kifuniko cha mtungi.

Walimu wenzangu, neno langu la mwisho ni kwenu. Mwaka 1934 mtoto wa Butiama aliingia katika Shule ya Mwisenge, hapo Musoma, na hakuna aliyejua kati ya watoto wale ni yupi atakayekuwa baba wa taifa. Walimu wake walimfundisha bila kujua. Ndivyo tulivyo na watoto wachorao kwa mkaa juu ya kuta za madarasa yetu, nasi twawaadhibu kwa kuchafua chokaa. Hatujui ni yupi. Kwa hiyo hatuna ruhusa ya kungoja mpaka New York au Paris waje watuambie. Kila shule na iwe na ukuta mmoja uliotengwa, na daftari moja lenye mistari, na kila mwaka kazi moja ya mtu wa wilaya yetu inunuliwe kwa bei ya haki, na jina lake liandikwe. Baada ya miaka 20 ukuta ule utakuwa na kazi 20, na watoto waliokua chini yake watakuwa na macho.

Wazee walituonya, "Usiache mbachao kwa msala upitao." Mbachao wetu umechakaa kidogo, lakini mwenye kuufuma bado anaishi, na nyumba yake twaijua. Twende tumbishie hodi.